Lebo Tupu ya Baba

Kwenye kioo cha kompyuta, mtoto ambaye Nejiba hakumjua alikuwa ameandikiwa baba, na baba huyo alikuwa mumewe. Jina kamili, hadi la babu.

Nejiba aliusahau mkate mkononi. Pilipili ya harisa na mafuta ya zeituni vikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Alikuwa akiandaa kadi za chanjo za watoto wa mji wa Sfax, na skripti, programu fupi iliyosoma faili la XML lenye orodha yao, aliiandika mwenyewe.

Mwenzake wa meza ya pili alichungulia, akacheka. "Shoga, usimchinje mume bure! Mtoto huyu kamfuata wa kwako kwenye faili. Lebo ya baba, pale panapoandikwa jina lake, ikiwa tupu, skripti yako inaburuta jina la aliyetangulia. Ona, hata yule wa chini kabisa kapewa baba wa jirani yake."

Ni kweli. Nejiba naye akacheka, kisha akakumbuka. Faili lilifuata foleni ya kliniki, na siku ile ya chanjo mtoto wake alipelekwa na mumewe. Mume alishikilia kweli kwenda naye peke yake.

Akaongeza mstari mmoja kwenye skripti: lebo ikiwa tupu, acha wazi. Akabonyeza kuiendesha upya.

Yule wa chini kabisa akabaki bila baba. Ukurasa mzima, majina ya kuazima yakatoweka.

"Si nilikwambia?" mwenzake alisema, akirudi kwenye kiti chake.

Nejiba alipitisha kidole chenye mafuta juu ya kioo, akasugua, akasugua tena. Kando ya mtoto yule asiyemjua, jina la mumewe halikufutika.