Sungura wa Shuleni

Siku ya kufunga shule, walimu waliwauzia watoto vitoto vya sungura. Rukaya wa darasa la kwanza alipata mweupe, akamtia mkobani, akafunga zipu na kutembea naye hadi nyumbani.

"Mama, nimekuletea mgeni!"

Mama yake, Bi Somoe, alifungua mkoba. Sungura alikuwa amelala ubavu, hapumui tena.

"Mwanangu, mbona ulimfungia humu?"

"Mwalimu alisema hapendi jua."

"Hakukwambia kingine?"

Rukaya alitikisa kichwa. Mama alimkumbatia mtoto, machozi yakimtiririka.

"Usilie, Mama, utamwamsha," Rukaya alinong'ona.

Kisha alivua sweta yake, akamfunika sungura taratibu, akiacha masikio nje ili asikie akiitwa.