Shahada Isiyo na Wagonjwa

Baada ya miaka kumi na tisa ya ukunga, Tunu alikwenda chuoni kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya fedha. Karani, dada mjamzito, alimweleza kuwa ziko mbili: ya benki na ya uwekezaji.

"Ipi haina kukutana na watu?" Tunu aliuliza.

"Ya uwekezaji, mama. Kutwa uko na tarakimu zako."

Tunu akajaza fomu ya uwekezaji. Penye sababu ya kubadili kazi aliandika "nimechoka," kwa kuwa habari ya mjamzito aliyemfia mikononi mwezi uliopita haikuandikika. Alipoinua macho aliuona uso wa karani umevimba, na vidole vimejaa hadi pete imezama. Ndivyo alivyokuwa yule marehemu.

"Kichwa kinakuuma, mwanangu?"

"Tangu juzi. Umejuaje?"

 Tunu alitamani kuondoka kama mtu asiyeona kitu. Lakini alizunguka meza, akapiga magoti, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki pale pale, dalili ya kifafa cha mimba, naye akamshika karani mkono: "Inuka, twende hospitali sasa hivi."