Mikorosho ya Bi Mgeni

“Simama unaposema na baraza!”

Bi Mgeni ndiyo kwanza alikuwa ameketi. Akainuka tena, akamtazama usoni mwanamume aliyekaa katikati.

Ilikuwa alasiri, katika darasa moja la shule ya Mpapura, watoto wakiwa likizo. Wanaume watatu walikaa nyuma ya meza ya mwalimu. Yule wa katikati ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na ndiye aliyeuliza. Wawili wa kando walisikiliza tu, wamekunja nyuso.

“Jina?”

“Mgeni binti Issa.”

“Vizuri. Mgeni kwa jina, na mgeni katika ukoo wa marehemu mumeo. Sasa mgeni anadai shamba la wenyeji?”

“Sidai shamba. Nadai mikorosho niliyoipanda.”

Kisa chenyewe kilijulikana kijiji kizima. Mumewe, Chande, alifariki wakati wa masika. Bi Mgeni alipotoka eda, korosho zikaanza kuanguka, na shemeji yake Shabani akaenda shambani kuwafukuza wanawake waliokuwa wakimsaidia kuokota. Alisema miti yote ni ya ukoo, mjane arudi kwao Nanyamba. Bi Mgeni hakurudi. Alikwenda kwa wazee, akataka shauri lisikilizwe.

“Mumeo alipokwenda Tanga kukata mkonge, alikuachia nini?”

“Mimba, jembe na pori.”

Mmoja wa wale wa kando aliziba mdomo kwa kiganja.

“Pori nililifyeka mwenyewe,” Bi Mgeni aliendelea. “Mbegu nilizitoa kwa mama yangu Nanyamba, nikazibeba kichwani. Chande aliporudi, mikorosho ya bondeni ilikuwa imempita kimo. Aliyepanda mti ndiye mwenye mti. Hilo hata Shabani analijua, ila mwaka huu limemtoka kichwani.”

“Mwanamke hapandi mti wake. Humpandia mumewe.”

“Na Shabani, yeye amepandiwa na nani?”

Mwenyekiti aligonga meza kwa ngumi. “Hapa tunauliza sisi! Una mtoto mkubwa wa kiume, msomi. Kwa nini asije kusema yeye, wewe ukakaa nyumbani ukajistiri?”

“Alitaka. Nimemkatalia.”

“Kwa nini?”

“Akisema yeye, mtampa yeye, na mimi nitabaki mtu wa kuombewa. Mikorosho ile sikuipanda kwa mdomo wa mwanangu.”

“Huyo mwanao!” Mwenyekiti alicheka kwa dharau. “Habari zake tunazo. Kapelekwa chuo kikuu Dar es Salaam asome, yeye kajiunga na jukwaa la mijadala. Jioni nzima wanabishana juu ya mahari, juu ya ardhi, juu ya wakimbizi wanaovuka Ruvuma. Amepata nini huko zaidi ya kiburi? Ndiye aliyekutia maneno haya kinywani.”

Kwa mara ya kwanza alasiri ile, Bi Mgeni aliyaondoa macho usoni mwa mwenyekiti.

“Nitakwambia alichopata,” akasema. “Alipokuwa sekondari, kila nikifungua mdomo aliniambia, ‘Mama, haya huyajui.’ Alisema vilevile kama baba yake, vilevile kama Shabani. Nilikuwa nimeshamkatia tamaa. Huko jukwaani kwao wana kanuni: humpingi mtu mpaka kwanza uyarudie aliyosema, na mwenyewe akubali kwamba ndivyo. Likizo ya kwanza aliporudi, alikaa nami jikoni nikimenya muhogo, akaniuliza habari za mikorosho. Nikamweleza. Akayarudia maneno yangu yote, kisha akauliza, ‘Ndivyo, mama?’ Nilitoka nje nikalia. Tangu nizaliwe, hakuna mwanamume aliyewahi kuyarudia maneno yangu.”

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Vidole vyake vikasugua ukingo wa meza.

“Uliza, Mwenyekiti,” mtu wa kulia alimnong’oneza. “Usimwonee huruma.”

Akainua uso, akaongeza ukali. “Kwa hiyo unakiri! Mtoto ndiye kakufundisha kuwajibu wakubwa.”

“Hapana. Kujibu nilijua zamani. Nilikuwa sijapata wa kuniuliza.”

“Na baraza likisema mikorosho ni ya Shabani?”

“Nitakwenda mbele, mahakamani.”

“Na mahakama ikisema hivyohivyo?”

“Nitarudi bondeni, nikae chini ya miti yangu mchana kutwa. Shabani akitaka korosho, aje aziokote mbele ya macho yangu, watu wote wakimwona.”

“Huogopi laana ya ukoo?”

“Anayetaka kunilaani aje. Lakini kwanza anionyeshe mti mmoja alioupanda yeye.”

Mwenyekiti alisimama, akaizunguka meza, akapiga magoti mbele ya mjane yule na kuushika mkono wake kwa mikono miwili.

“Nisamehe, mama yangu. Ila kesho baba mdogo Shabani na wazee watakuwa wakali kuliko mimi.”

“Ndiyo maana nakwambia, Thabiti, rudi kitini,” alisema Bi Mgeni, akiutoa mkono wake. “Wenzako wametoka chuoni hadi huku kuja kunikalia baraza la mazoezi, halafu wewe unanibembeleza! Haya, tuanze upya, na safari hii, mwanangu, unitukane sawasawa.”