Nondo Mbili za Chini

Fakihi aliwasha grenda, akaizima kabla haijagusa chuma.

"Vipi, fundi?" aliuliza mama mwenye nyumba. "Umeme wa jirani umekatika?"

"Hapana, mama."

Moto ulioiunguza nyumba hii ulianzia kwenye soketi ya sebuleni. Zimamoto walihangaika na dirisha hili la chumbani mpaka mtoto wa mama huyu, wa miaka mitano, akafa kwa moshi. Nondo hizi Fakihi alizichomelea mwenyewe, kwenye karakana yake pale Keko. Mwaka jana mama huyu alimwomba upande mmoja uwe unafunguka kwa ndani, naye akamcheka: "Mama, unataka kuwarahisishia wezi kazi?"

Leo mama hakumkumbusha. Alimpokea kama fundi yeyote, hata akamuuliza kama ameshakunywa chai.

Dirisha zima lilikuwa jeusi kwa masizi, isipokuwa nondo mbili za chini. Kila moja ilikuwa na sehemu safi, ndogo, upana wa vidole vinne vya mtoto.

Mama akapafunika hapo kwa viganja vyake.

"Kata tu, fundi," alisema. "Hizi nimezishika."