Kofia ya Dhahabu

Bwana asiyejulikana aliingia ghafla katika zahanati ya meno, Bagamoyo, akampita Bi Mwaija aliyesubiri mlangoni, akakalia kiti cha wagonjwa. Shavu lilikuwa limemvimba. Alisema yeye ni mkaguzi wa zahanati kutoka Dar es Salaam.

Oswaldi, msaidizi wa meno, akamtazama kinywani. Jino la dhahabu liling'aa kama kitasa kipya. Alipoligusa kwa koleo, kofia ya dhahabu iliyolifunika ikatoka, na mzizi mweusi ukanuka. Mate yalikuwa yakipenya humo siku zote. Dhahabu yote hiyo kufunika uozo, aliwaza.

"Irudishe," mkaguzi alisema.

"Itavuja tena, bwana, mzizi haujasafishwa. Na saruji ya meno iliyobaki yatosha jino moja. La Bi Mwaija nimeshalisafisha. Nilimwahidi kuliziba leo."

"Huyu mchuuza dagaa? Mtilie pamba."

"Pamba nimeitafuna wiki nzima, bwana mkubwa," Bi Mwaija akasema. "Haina hata chumvi."

Mkaguzi hakucheka. "Kijana, jina lako la kwenda masomoni liko mezani kwangu. Nikilikata, utachokonoa meno ya wavuvi mpaka uzeeke."

Oswaldi akakoroga saruji juu ya kipande cha kioo. Ilianza kuwa nzito, na haingengoja. Mkaguzi akajilaza, akafumba macho, akapanua kinywa kama mtu aliyekwisha kushinda.

Oswaldi akampita na kioo mkononi, akavuta kigoda hadi mlangoni.

"Panua, Bi Mwaija. Usimeze mate."