Alijitahidi

Siku hizo hukuruhusiwa kujiandikia wasifu wa kazi; uliandikwa na mtu uliyewahi kumsimamia. Ndiyo maana Bwana Mwachiro, aliyemfukuza Mishi kiwandani akiwa na mimba ya miezi saba, alikuwa ameketi sebuleni kwake akinywa chai kwa adabu.

“Mama, niandikie tu kwamba niliongoza wafanyakazi themanini,” alisihi.

“Ondoa shaka,” Mishi akamjibu. Akaandika: “Alijitahidi kuongoza wafanyakazi themanini.” Uongo haukuwepo, ila mashine za waajiri huwatupa waliojitahidi kabla binadamu hajawasoma. Akatuma, na moyo wake ukaburudika kama aliyekunywa maji ya mtungi.

Mgeni alishukuru sana, akaenda zake.

“Umemmaliza kwa neno moja,” alisema Hamadi, mumewe, ambaye pia alikuwa msimamizi wa Mishi katika duka la vipuri.

“Alinitoa mbele za watu, Hamadi, nikiwa natembea kwa shida.”

Wasifu wa Hamadi mwenyewe ulikuwa bado haujaandikwa. Walipokula, wali ulikuwa umeungua hadi juu.

“Mtamu sana, mke wangu,” alisema bila kumtazama, akaomba aongezwe.