Nyati na Nchi Isiyo na Mtu

Bonde lile lilikuwa la mafuko tangu mababu, na kila mnyama alijua desturi yao: kwa kuwa wanakaa chini ya ardhi, mgeni hupiga hodi kwanza, akaelekezwa pa kukanyaga.

Siku moja Bi Fuko alikuwa akimenya mizizi ya chakula cha mchana akasikia kishindo juu ya dari yake.

“Sioni nyumba, sioni moshi,” Nyati alinguruma. “Nchi hii haina mtu. Kuanzia leo ni yangu!”

Bi Fuko akatoa pua nje. “Tupo, bwana mkubwa! Tena ungepiga hodi, maana hapo uliposimama...”

“Nimpigie nani hodi? Hapa hakuna mtu!” Nyati akaruka juu, akatua kwa kwato zote nne ili ardhi imjue mwenyewe.

Dari ikabomoka. Nyati akazama hadi kifuani, miguu ikaning’inia sebuleni kwa Bi Fuko.

“Nitoeni jamani!”

Bi Fuko akaendelea kumenya. “Akutoe nani, baba? Si hakuna mtu?”

Nyati akajikakamua, akazidi kukwama. Kisha, kwa kisauti kidogo ambacho hata yeye hakukijua, akasema, “Hodi, wenyewe.”

“Karibu!” wakaitikia mafuko mia, bonde zima.